Mwalimu Amenirudisha Kwenye Mazoezi ya Mwanzo: Je, Ananichelewesha?

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unisaidie katika jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki kadhaa sasa. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa nzima, na miezi mitano iliyopita nilianza kufanya mazoezi ya ketelibeli, yaani lile tufe la chuma lenye mpini mnene juu yake. Nilianza na kilo 16. Kwa kuwa niliweza kuinyanyua bila taabu, baada ya wiki sita nilinunua ya kilo 24, nikawa nafanya mazoezi nyumbani kwa kufuata video nilizozipata kwenye intaneti.

Kilichonivutia zaidi ni zoezi la kunyakua, ambalo mtu hulitoa tufe kati ya miguu yake na kulifikisha juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Nilisikia kwamba kuna jaribio la kunyakua mara 100 ndani ya dakika 5, nami nikajiwekea lengo la kulifaulu kabla mwaka haujaisha. Nilifika mara 30 hivi. Lakini vigasha vyangu vilijaa michubuko kwa sababu tufe hupinduka na kunigonga kila linapofika juu, ngozi ya viganja ilichanika mara mbili, na asubuhi baada ya mazoezi kiuno huniuma hadi kufikia mchana. Nikibembeza tufe kati ya miguu, mabega ndiyo huchoka kwanza.

Niliona ni busara kutafuta mwalimu. Siku ya kwanza alinitazama kwa dakika tano tu, akaninyang'anya kilo 24, akaniambia nirudi kwenye kunyanyua tufe kutoka sakafuni na kusimama nalo, basi. Huu ni mwezi wa tatu sasa. Ninanyanyua na kushusha, ninachuchumaa nikiwa nimelikumbatia tufe kifuani, ninalala chali na kuinuka nikiwa nimeshika kiatu kwenye ngumi kama mtoto anayecheza. Mdogo wangu wa kike, ambaye alianza baada yangu kwa mwalimu mwingine, tayari ananyakua kilo 12 kwa wepesi mkubwa, na haachi kunitania.

Ninaomba unijibu mambo matatu. Je, mwalimu huyu ananijenga au anarefusha safari ili niendelee kulipa? Nitajuaje kwamba niko tayari kwa mazoezi ya juu? Na je, niiuze ile ya kilo 24?

Mwenye Haraka

*

Ndugu Mwenye Haraka,

Nianze na kiuno chako kabla sijamgusa mwalimu. Maumivu yanayotulia kufikia mchana si ya kukutia hofu kubwa, lakini yakianza kushuka mguuni, ukihisi ganzi au mguu kukosa nguvu, au yakikuamsha usiku, weka chuma chini umwone daktari kwanza, kwa sababu safu ya gazeti haiwezi kukupima.

Kama hayo hayapo, basi barua yako imejijibu yenyewe kwa kiasi kikubwa, ingawa sidhani kama ulikusudia. Umetaja alama nne: kiuno kinachouma, mabega yanayochoka kwanza, vigasha vyenye michubuko na viganja vilivyochanika. Wewe umezichukulia kama gharama ya kujifunza zoezi gumu. Mimi nikizisoma naona kila moja ikielekeza kidole kwenye kosa la zoezi jepesi lililotangulia, na nadhani ndivyo mwalimu wako alivyozisoma katika zile dakika tano, ila hakukueleza.

Mabega ndiyo yaliyonifungua macho zaidi. Katika kubembeza, mikono haina kazi nyingine zaidi ya ile ya kamba: inaunganisha tufe na mwili. Nguvu hutoka nyongani, kwenye misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja, na tufe hupaa hadi usawa wa kifua kwa sababu nyonga zimefunguka kwa kasi, wala si kwa sababu mtu amelivuta. Anayechoka mabega kabla ya makalio analivuta tufe kwa mikono, na mara nyingi huwa anachuchumaa mahali ambapo angepaswa kujikunja kwenye nyonga. Mambo hayo mawili hufanana kwa mtazamaji wa mbali, lakini mwili unayajua kuwa ni tofauti kabisa. Katika kuchuchumaa, magoti husonga mbele na makalio hushuka kuelekea chini. Katika kukunja nyonga, magoti hupinda kidogo tu, miundi hubaki karibu wima, na makalio husukumwa nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono yake imejaa mizigo. Nyonga huwa bawaba, na mgongo ndio ubao wa mlango: husogea wote kwa pamoja bila kupinda katikati.

Pale nyonga zinapokataa kuwa bawaba, kiuno huifanya kazi hiyo badala yake. Mtu akifanya hivyo mara moja hataona kitu, lakini ukibembeza mara mia moja kwa kilo 24, kiuno kitakuwa kimejikunja na kujikunjua mara mia moja chini ya mzigo unaokwenda kwa kasi. Mwaka 2012 watafiti Stuart McGill na Leigh Marshall walichapisha uchunguzi wao kuhusu mizigo inayoufikia uti wa mgongo katika mazoezi haya. Waligundua kwamba kubembeza huleta nguvu inayousukuma mfupa wa nne wa kiuno kuelekea nyuma juu ya wa tano, kinyume na mwelekeo wa nguvu katika unyanyuaji wa kawaida, na wakaona kwamba huenda hilo likaeleza kwa nini watu wengi husifu zoezi hili kwa kuimarisha migongo yao ilhali wachache hulalamika kwamba linawaumiza. Kwa hiyo usishangae kwamba mgongo wako, ambao haukulalamika ulipokuwa ukinyanyua tu, ulianza kulalamika ulipoanza kubembeza.

Ndiyo maana ya kunyanyua kutoka sakafuni, zoezi ambalo wewe unaliona kama adhabu. Ni bawaba ileile, lakini tufe limetulia, hivyo una muda wa kuhisi nini kinafanya kazi. Jaribu hivi: simama ukiuelekezea ukuta mgongo, umbali wa takriban urefu wa unyayo wako, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yauguse bila magoti kwenda mbele. Ukiweza, sogea mbele kidogo na urudie. Halafu chukua kijiti kirefu ukishikilie kwa nyuma kiguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa mkiani, ujikunje tena; sehemu yoyote kati ya hizo tatu ikiachana na kijiti, mgongo umepinda. Watu wengi wanaokaa mezani kutwa, kama mimi na wewe, hugundua kwamba kijiti kinaachana na mfupa wa mkiani mapema kuliko walivyodhani. (Mimi kilinichukua wiki mbili, nami nilikuwa nimeshajiona bingwa.)

Mambo hayo yakikaa sawa, kubembeza huwa ni hatua fupi. Tufe huwekwa mbele yako kiasi cha urefu wa unyayo, hulivuti juu bali unalirusha nyuma kati ya miguu, na vigasha hugusa mapaja sehemu ya juu kabisa, karibu na kinena. Tufe likipita chini ya magoti, limekwisha kukuvuta mbele na kiuno kinalipa. Usikimbilie kujikunja tufe linaposhuka. Lisubiri, vigasha vikaribie kugusa mwili, ndipo usukume nyonga nyuma. Kule juu usijipinde kuelekea nyuma: simama wima, magoti yamenyooka, makalio na tumbo vimekazwa, kana kwamba kuna mtu anataka kukupiga ngumi ya tumbo. Pumzi iingie tufe linaposhuka na itoke kwa nguvu fupi linapofika juu. Na uwe mwangalifu unapomaliza. Nimeona watu wakifanya seti nzuri kabisa kisha wakaliweka tufe chini kwa mgongo uliopinda huku wakitafuta maji kwa macho. Kuliweka chini nako ni sehemu ya zoezi.

Sasa vigasha. Tufe haliwezi kukugonga likiwa karibu nawe na likiwa halina umbali wa kuanguka. Linagonga kwa sababu unalitupa mbali kwa mkono ulionyooka, linachora nusu duara kubwa, kisha linapinduka juu ya ngumi na kutua kwenye kigasha kwa uzito wake wote. Hilo hufundishwa katika kupandisha begani, ambako barua yako inaonyesha ulipita kwa kuruka. Katika zoezi hilo kiwiko hukaa karibu na mbavu, tufe hupanda karibu na mwili, na linapofika usawa wa tumbo hivi, unaulegeza mkono na kuupenyeza kwenye mpini kama unavyouingiza kwenye mkono wa koti. Mkono ndio unaolizunguka tufe. Tufe lenyewe halipinduki. Mpini ulale mshazari kwenye kiganja, kuanzia chini ya kidole cha shahada hadi kwenye kisigino cha kiganja, na kifundo cha mkono kinyooke. Ukiweza kulipandisha begani mara kumi kila mkono na likatua kimya, kunyakua hakutakuchubua, kwa sababu ule mzunguko wa mkono ni uleule. Unaongezeka mwendo tu.

Viganja sitakaa navyo sana. Ngozi huchanika unapoukaba mpini katikati ya kiganja wakati tufe linashuka, badala ya kuuacha uteremke kwenye vidole vilivyokunjwa kama ndoana. Pia punguza sugu kwa kuzisugua zikiwa laini baada ya kuoga, maana sugu iliyoinuka ndiyo inayokamatwa na mpini na kung'olewa. Jeraha likiwa bichi, usibembeze. Chuchumaa, sukuma juu kwa mkono usio na jeraha, fanya mengine.

Ukiniuliza kwa nini nimeyaeleza haya kwa urefu wakati uliuliza kuhusu mwalimu, ni kwa sababu kunyakua hakuna kitu kipya ndani yake zaidi ya vipande hivi. Mwanzo wake ni kubembeza kwa mkono mmoja. Katikati yake ni kule kulivuta tufe karibu na kuuzungusha mkono. Mwisho wake ni kusimama na uzito juu ya kichwa, bega likiwa limetulia na mbavu hazijafunguka mbele. Kile kiatu kwenye ngumi kinachokukera kinafundisha mwisho huo. Katika kuinuka kwa Kituruki, mtu huanzia chali, hupanda juu ya kiwiko, juu ya kiganja, kwenye goti, hadi kusimama, huku bega likibeba mzigo katika kila pembe, na kiatu kinachodondoka humwonyesha bila maneno mahali ambapo ngumi imeacha kuelekea juu. Heri kidondoke kiatu kuliko kilo 24.

Kwa hiyo mwalimu wako amekuwekea mazoezi sahihi, na sioni dalili kwamba ana nia ya kukunyonya. Hata hivyo, nina lawama mbili dhidi yake. Ya kwanza, hakukueleza sababu, na mtu mzima asiyeelezwa sababu hufanya zoezi kwa mwili huku akili yake ikiwa imeshaondoka. Ya pili, mwezi wa tatu bila kubembeza hata kidogo ni muda mrefu mno kwa mtu mwenye afya ambaye bawaba yake imeshanyooka. Kuna walimu wanaougeuza msingi kuwa jela. Kubembeza kuna kasi, na kasi haifundishwi kwa kunyanyua polepole peke yake; mtu akishanyanyua kwa mgongo ulionyooka siku kadhaa mfululizo bila kukumbushwa, aanze kubembeza, hata kama ni mara tano tano, huku akisahihishwa. Muulize kwa heshima: ni kipi hasa anachokiona ambacho bado hakijakaa sawa? Mwalimu mzuri atakujibu kwa jambo moja au mawili unayoweza kuyaona mwenyewe. Akikujibu tu kwamba "bado", hapo una haki ya kutafuta mwingine.

Kuhusu mdogo wako wa kike, amekutangulia katika zoezi moja, na ananyakua kilo 12, uzito unaomfaa. Wewe ulinyakua 24. Kutoka 16 hadi 24 ni nyongeza ya nusu nzima ya uzito wa mwanzo, na sijui mnyanyuaji mwenye busara anayefanya hivyo katika zoezi lolote. Matufe haya yanarithi vipimo vyake kutoka Urusi, ambako yalitokana na mawe ya mizani na yalihesabiwa kwa pudi, kipimo cha zamani cha kilo 16.38, ndiyo maana mpaka leo utayakuta ya kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Lakini siku hizi yapo pia ya 12 na ya 20, na hapo ndipo mtu wa kawaida anapopata ngazi za kupandia. Katika mashindano ya mchezo huu mtu hupewa dakika 10 za kunyanyua bila kuliweka tufe chini, na anayelivuta kwa mabega hamalizi hata dakika 3. Hata mabingwa wake wanaishi kwa ufundi wa vipande hivihivi unavyovidharau.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mtu mmoja huhitaji uzito tofauti kwa kila zoezi. Kwa kubembeza, tufe jepesi mno ni mwalimu mbaya, kwa sababu mabega yanaweza kulinyanyua yenyewe na nyonga zikalala. Kwako 16 ni sawa, na baadaye 20. Kwa kusukuma juu na kujifunza kunyakua, 12 inatosha, hata kama fahari yako itanung'unika. Kwa kuinuka kwa Kituruki, anza na kiatu, kisha 8, na usiongeze mpaka uweze kusimama mahali popote katikati ya safari na kupumua kwa utulivu.

Umeniuliza utajuaje kwamba uko tayari. Sina imani na kalenda katika jambo hili, kwa hiyo sitakutajia idadi ya wiki. Kwanza, bembeza kwa mikono miwili mara 10, pumzika mpaka uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, urudie hadi seti 10. Kama mara ya mia moja inafanana na ya kwanza na kesho yake kinachouma ni makalio wala si kiuno, umepita. Pili, fanya hivyo kwa mkono mmoja bila mabega kuvutwa upande. Tatu, lipandishe begani bila kugonga, ulisukume juu mara tano kila mkono, kisha utembee nalo juu ya kichwa kwa nusu dakika kiwiko kikiwa kimenyooka. Kama mkono haufiki karibu na sikio bila kuupinda mgongo, bega lako halina nafasi hiyo bado, na kulilazimisha kwa kasi ya kunyakua ni kutafuta jeraha. Siku tatu kwa wiki, nusu saa kila siku, zinatosha. Ukiwa umechoka kiasi kwamba umbo la zoezi limeanza kuharibika, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia. Lile jaribio la mara 100 ndani ya dakika 5 lipo kweli, na hutumika kuwapima wanaotaka vyeti vya ualimu. Si kipimo cha mtu wa mwezi wa tano, na huna sababu ya kulifunga kwenye mwisho wa mwaka.

Mara utakapokuwa umevipita vipimo hivyo, usianze kunyakua moja kwa moja. Anza kwa kubembeza kwa mkono mmoja na, tufe linapofika usawa wa kifua, vuta kiwiko nyuma ili lije karibu nawe, kisha liachie lirudi. Hilo likizoeleka ndipo ulifikishe juu, mara tano kila mkono. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda: ligeuze tufe, literemke karibu na uso na kifua chako, wala usiliache likuvute mbele kwa mkono ulionyooka.

Kilo 24 usiiuze. Irudishe sakafuni, uitumie kwa kunyanyua kwa mikono miwili, maana huko tayari una nguvu za kuimudu, na utembee nayo mkononi kando ya mwili kama ndoo ya maji, upande mmoja kisha mwingine, bila kuinama kuelekea inakokuvuta. Mwombe pia mwalimu akurekodi kutoka ubavuni wiki hii unaponyanyua ile ya 16. Itazame video hiyo mwenyewe kabla hajasema neno: angalia kama miundi inabaki wima, kama kisogo na mkia vinakwenda kwa pamoja, na tufe linapita wapi. Ukikuta vyote viko sawa, mwonyeshe, umwambie kwamba leo unaomba kubembeza.